Pilau juu ya Longonot: jibu kwa msomaji anayemuaga shoga yake

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafanya kazi Nairobi. Shoga yangu wa tangu madrasa anahamia Uingereza kwa kazi ya uuguzi. Atatoka Mombasa Ijumaa kwa treni, na ndege yake ni Jumapili usiku, wiki tano kutoka sasa. Nataka nimuage kwa namna ambayo hataisahau. Jumamosi tupande mlima wa Longonot, kule Naivasha, sisi wawili tu, tuzunguke kasoko yote, lile shimo la volkano, na tukifika kileleni nimpakulie pilau ya mbuzi niliyoipika alfajiri, kiwe ndicho chakula chetu cha mwisho pamoja. Mimi nimeupanda mlima huo mara moja. Yeye hajawahi kupanda mlima wowote na ana pumu kidogo, lakini moyo anao. Mpango huu wafaa? Nibebe nini?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mke wangu kwa sauti. Nilipofika kwenye pilau ya mbuzi kileleni alishika kichwa, kisha akasema, "Huyo anampenda mwenzake." Nami naanzia hapo hapo. Mlima umeuchagua vizuri, na chakula umekichagua vizuri. Siku ndiyo mbaya, na hiyo pilau umeipeleka mahali pasipo pake.

Nimewapandisha watu Longonot kwa miaka kumi na sita. Wanaokuja kuagana si wachache: vijana wa kwenda Ghuba, wanafunzi, maharusi wa kuhamia mbali, hata mzee mmoja aliyestaafu akaja na wenzake wa ofisi, suruali za kazini na viatu vya ngozi. Kwa hivyo nakujibu kama mtu aliyeyaona kwa macho, nawe uchukue utakachotaka.

Tuanze na hiyo Jumamosi. Kuna kijana niliyempandisha akiwa anasafiri kesho yake kwenda Doha. Kupanda alipanda kama mbuzi. Wakati wa kushuka, tukiwa tumekaribia kabisa kufika chini, alikanyaga kokoto, mguu ukamteleza, kifundo kikavimba kama embe dodo. Ndege aliipanda, lakini kwa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na kazi aliyokuwa anaiendea ilikuwa ya kusimama kutwa. Longonot huwaumiza watu wakati wa kushuka. Miguu imeshachoka, na akili imetangulia kwenye chakula. Shoga yako ni muuguzi, kazi yake ni miguu. Usimpeleke kazini kwao akichechemea.

Hata asipoumia, siku ya pili baada ya Longonot mapaja hukaza, na kukaa kwenye kiti cha ndege saa nane au tisa kutoka Nairobi mpaka London na mapaja ya namna hiyo ni adhabu. Halafu kuna jambo ambalo halihusiani na mlima hata kidogo. Mtu anayesafiri kesho si wa rafiki yake tena, ni wa mama yake. Jumamosi hiyo simu yake itaita tangu alfajiri: shangazi anauliza kama amepima mizigo, mjomba yuko njiani na kifurushi cha kumpelekea binamu, kuna hati haijachapishwa. Utakuwa naye mlimani, naye hayupo.

Mwambie basi aje Nairobi mapema, wikendi iliyotangulia. Alale kwako siku mbili tatu, kisha mpande Jumanne au Jumatano. Utapata faida tatu kwa mpigo. Mwili wake utakuwa umeizoea hewa ya Nairobi kidogo, maana anatoka usawa wa bahari, na lango la Longonot peke yake liko karibu mita 2,150 juu ya bahari kabla hajapiga hatua. Atakuwa na siku tatu au nne za kupumzisha miguu. Na mlima mtaukuta mtupu. Jumamosi Longonot ni kama soko la Kongowea: vikundi vya makanisa, wafanyakazi wa benki wamevaa fulana za rangi moja, spika ya bluetuthi kwenye kila begi. Katikati ya wiki mnaweza kuzunguka nusu ya mdomo wa kasoko msisikie ila upepo na nyinyi wenyewe.

Sasa mlima wenyewe, kwa sababu umesema umeupanda mara moja, na aliyepanda mara moja hukumbuka picha akasahau makorongo. Kutoka langoni mpaka mdomo wa kasoko ni kilomita 3 na kidogo. Kuuzunguka mdomo ni kilomita 7.2. Ukirudi kwa njia ile ile ya langoni, jumla inapita kilomita 13. Kilele kina mita 2,776, nacho kiko ng'ambo ya kasoko, upande wa pili kabisa mkitoka langoni. Wanaofika mdomoni mara ya kwanza hufurahi wakadhani wamemaliza, kisha wakiinua macho wanakiona kile kilele kule, na bonde zima katikati yao. Wapo wanaokaa chini pale pale wakavua viatu.

Huo mzunguko wa kilomita 7 si tambarare hata kidogo. Ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mahali pengine njia imelika na maji mpaka imekuwa mfereji unaoingia mtu mpaka kiunoni, mahali pengine unapanda ukishika jiwe kwa mikono. Wamaasai waliliona hilo zamani. Jina lenyewe limetokana na Oloonong'ot, mlima wa migongo na makorongo mengi. Udongo ni majivu ya volkano. Kiangazi huwa vumbi laini kama unga wa ngano unaoingia hadi ndani ya soksi, na mvua ikinyesha hugeuka utelezi. Kivuli huko juu karibu hakuna. Mtu mwenye afya ya kawaida hutumia saa moja mpaka moja na nusu kufika mdomoni, saa mbili na nusu mpaka tatu na nusu kuzunguka, na chini ya saa moja kushuka.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu, na najua hutaupenda mara moja: lengo lenu liwe kufika mdomoni. Hilo ndilo la lazima. Mzunguko uwe zawadi, mkiona miguu na pumzi zimeruhusu. Ukimwambia tangu Nairobi kwamba lazima mzunguke yote, atasukuma mwili kwa aibu asikuangushe, hasa mtu wa "moyo anao". Nimewaona wengi wa aina hiyo. Hao ndio huwa siwatoi jicho. Mvivu akichoka husema. Mwenye moyo hukaa kimya mpaka adondoke.

Hilo linanileta kwenye hiyo "pumu kidogo". Umeiandika kama mtu anayetaja kwamba mwenzake anapenda chai ya tangawizi. Shoga yako ni muuguzi, anaijua pumu yake kuliko mimi, lakini yeye anaijua pumu ya Mombasa, ya unyevu wa bahari. Haijui pumu ya vumbi la volkano, hewa nyepesi, na baridi ya saa moja asubuhi. Amuulize daktari wake kwanza, na amwambie wazi ni mlima gani. Kama daktari hakuridhika, mlima umekwisha, nendeni mkale samaki tu. Akiruhusiwa, inhela ikae mfukoni mwake mwenyewe. Isikae begini, isikae garini, wala isikae kwako, maana mnaweza kuachana hatua hamsini na hatua hamsini ni nyingi. Funikeni pua na mdomo kwa leso nyepesi pale penye vumbi, na asitembee nyuma yako karibu, kwa sababu vumbi lako ndilo atakalolivuta. Yeye atangulie. Hiyo itakusaidia pia kumfuata kwa mwendo wake badala ya yeye kukimbizana na wako.

Kipimo ninachotumia ni mazungumzo. Nyinyi mna mengi ya kuzungumza, basi sikiliza. Akishindwa kumaliza sentensi moja bila kukatiza pumzi, simameni, hata kama amesema yuko sawa. Akianza kukujibu kwa "mm" na "ee" tu, simameni pia. Akitumia inhela na pumzi isirudi vizuri, hamna mjadala tena: mnageuka, mnashuka, na hospitali iko Naivasha mjini.

Hizi wiki tano zisipotee bure. Mombasa haina milima, na mteremko wa feri ya Likoni hautoshi, lakini magorofa yapo tele. Apande ngazi siku nne kwa wiki, dakika ishirini, kisha nusu saa, ikifika wiki ya nne apande na begi lenye chupa mbili za maji. Na ashuke kwa miguu, asishuke kwa lifti! Kushuka ndiko kunakofundisha magoti. Wewe nenda milima ya Ngong siku moja ukajipime. Ukiteseka Ngong, Longonot itakutesa mara mbili.

Haya, pilau. Hapa ndipo mke wangu aliposhika kichwa.

Nakuchorea picha. Umebeba hotipoti la kilo tatu mgongoni. Saa tano mko kileleni, upepo unavuma, maana pale hakuna kinachouzuia. Unafungua kifuniko, na kabla hujapakua sahani ya kwanza, pilau imeshanyunyiziwa majivu. Mnakula mmegeuzia upepo migongo, mchanga unalia menoni. Mmeshiba nyama ya mbuzi na wali wenye samli, na mbele yenu kuna nusu ya mzunguko na mteremko wote wa kurudi, jua la utosi. Tumbo litavuta damu, miguu itadai damu. Mtalala usingizi mkiwa mnatembea.

Halafu kuna usalama wa wali. Wali uliopikwa alfajiri ukakaa hotipotini mpaka adhuhuri huanza kupoa taratibu, na uvuguvugu ule ndio bakteria huupenda. Kuna aina moja inayokaa kwenye wali hasa, inaacha sumu isiyoondoka hata ukipasha moto upya. Kutapika nyumbani ni jambo dogo. Kutapika kileleni Longonot, mwendo wa saa mbili na zaidi kutoka langoni, si jambo dogo hata kidogo.

Lakini sikwambii mpande na njaa. Wewe ni mtoto wa pwani, umesahau mahamri? Pika mahamri usiku, yafunge kwenye kitambaa safi. Mahamri mawili kwa kila mmoja, tende, ndizi, karanga, na kama mama yake ana mkono wa kashata za nazi mwambie alete kutoka nyumbani. Chakula hiki ni chepesi, hakimwagiki, hakiharibiki kwa joto la nusu siku, na kina sukari ya kumrudishia mtu nguvu pale anapoziishiwa. Mkifika mdomoni, kaeni upande usio na upepo, mle mahamri mkitazama chini kasokoni. Nimekula vitu vingi pale juu, vingine vya bei kubwa vya wageni wa hoteli. Hamri na chai ya rangi kwenye chupa ya chai havijapata mshindani.

Ukifungasha, kumbuka plastiki. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na hifadhi zote za Kenya: chupa za maji za dukani, sahani, vijiko, mirija. Bado kila wiki naona mtu langoni anamimina maji kutoka chupa sita kwenye sufuria ya kuazima kwa mama wa duka. Bebeni chupa za kudumu, lita mbili na nusu za maji kwa kila mtu, zikizidi basi tatu. Juu hakuna bomba wala kijito.

Langoni hawapokei pesa taslimu. Malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, unalipa kwa M-Pesa, na ni vyema umalize Nairobi ukiwa na mtandao mzuri. Viwango hubadilika, vitazame humo humo siku ya kulipa. Shoga yako abebe kitambulisho cha taifa ili alipe kama mwananchi. Pasipoti yenye viza ibaki nyumbani, imefungiwa sandukuni. Nilishamshuhudia mtu akitafuta pasipoti kwenye vichaka vya leleshwa kwa saa nzima, machozi yakimtoka, na ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa begi lake mwenyewe.

Tokeni Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, kupitia barabara ya chini ya Mai Mahiu. Mkiwa na matatu, ni zile za kwenda Naivasha zinazopita huko, mnashuka kituo cha Longonot na kumalizia kwa bodaboda mpaka langoni. Mkiwa na gari, mkifika chini ya mteremko mtaona kanisa dogo sana kando ya barabara. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wanaichimba barabara hiyo. Simameni dakika tano. Watu waliojenga kanisa lile nao walikuwa mbali na kwao, na bila WhatsApp. Ikiwa mvua za masika zimeshika, ahirisheni. Njia ya mlimani huwa utelezi mtupu, na eneo lile lenyewe si la kuchezea: mafuriko ya usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 yaliua makumi ya watu Mai Mahiu.

Saa mbili asubuhi muwe mnaanza kupanda. Mwanzoni ni tambarare ya nyasi na vichaka. Pundamilia na twiga huonekana karibu, msiwaendee kwa picha. Nyati nao wapo, na kwa sababu mko wawili tu, ulizeni langoni kama kuna askari au mwelekezi wa kuwasindikiza. Sisemi hivyo kwa kuwa ndiyo riziki yangu. Mwelekezi mzuri anajua kubaki hatua thelathini nyuma watu wakitaka kusema mambo yao.

Kabla hamjaingia langoni, chuma jani moja la leleshwa mkiwa bado nje ya hifadhi, barabarani. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuchuma. Ni kile kichaka chenye majani ya kijivu upande wa chini. Lisugue kiganjani umpe anuse: harufu yake ni kama kafuri. Wamaasai huyaweka makwapani kama manukato na kuyatandika kitandani. Mimi nimekaa na harufu hiyo maisha yangu yote, na hata nikiwa mjini, nikiipata kwenye nguo, naujua mlima wangu uko wapi.

Na mkifika mdomoni, hapo ndipo msiwe na haraka. Mbele yenu shimo linashuka kuta wima, na chini, badala ya majabali meusi ambayo watu huyatarajia kwenye volkano, kuna msitu. Msitu mzima, wa kijani, kama sufuria iliyojazwa mchicha. Asubuhi ya baridi tazameni ukutani kwa makini, mtaona mvuke unafuka kwenye nyufa. Mlima umelala tu, haujafa. Inaaminika ulilipuka mara ya mwisho miaka ya 1860, na vipimo vya setilaiti vilionyesha ardhi yake ikinyanyuka kwa sentimita kadhaa kati ya 2004 na 2006. Geukeni nyuma, Ziwa Naivasha liko chini linang'aa, na pembeni yake vibanda vya maua, mengine yakielekea huko huko anakokwenda shoga yako. Mvuke mwingine mkubwa mnaouona upande wa kusini mwa ziwa ni wa Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa mwaka 1981.

Kutoka kwenu Mombasa alianza safari yake Joseph Thomson, Mskoti, mwaka 1883, akaja mpaka hapa na kuuchungulia mdomo huu huu. Aliandika kwamba alipotazama chini alishikwa na hamu ya ajabu ya kujitupa shimoni. Nawasimulia wageni kisa hicho kila ninapomwona mtu anarudi kinyumenyume kuelekea ukingoni ili apigwe picha. Ukingo ule ni majivu yaliyogandana, unaweza kumeguka bila kutoa sauti. Picha pigeni mkiwa mmekaa, hatua tatu kutoka ukingoni. Na kushuka kasokoni kwenyewe msijaribu. Kuta zake hazina njia ya mtu wa kawaida.

Hapo amueni kuhusu mzunguko. Mtazame mwenzako usoni wala usimuulize, maana atasema twende. Kama midomo yake ina rangi yake ya kawaida, anazungumza vizuri, na saa bado haijafika nne, nendeni. La sivyo, tembeeni robo saa tu kuufuata mdomo, mrudi. Sijaona mtu aliyejuta kwa kurudi mapema. Waliong'ang'ania nimewabeba mwenyewe.

Jambo moja zaidi la huko juu: usimmwagie ya moyoni pale. Nilivyoelewa barua yako, una maneno ya kumwambia, umeyatunza. Watu hudhani kilele ndicho mahali pake, na nimeyasikia maneno hayo yakisemwa kileleni kwa pumzi iliyokatika, upepo unayachukua nusu, na kundi lingine linasubiri zamu ya kupiga picha kwenye kibao. Kushuka nako hakufai, macho yanatakiwa kwenye kokoto. Yaweke. Yana mahali pake, na mahali hapo pana viti.

Yaani mezani. Mkishuka saa saba au saa nane, mmejaa vumbi mpaka kope, njaa imekomaa, miguu inatetemeka kidogo. Mtu akiwa katika hali hiyo hana hila tena, atakwambia lolote. Nendeni Naivasha, barabara ya kusini mwa ziwa, upande wa Karagita au Kamere, mkale samaki. Vibanda vya Kamere haviko kwenye matangazo, lakini samaki unamchagua mwenyewe akiwa mzima, unamwona anaparwa magamba, na anakuja na ugali, sukumawiki na kachumbari yenye pilipili inayoeleweka. Ulimi wa pwani utalalamika kwamba samaki wa maji baridi hana ladha. Mwagize wa mchuzi, mzito, nyanya nyingi, na ubebe ndimu zako mbili. Chagueni ngege, yaani tilapia. Msichague kapu, yule samaki mnene mwenye magamba makubwa aliyelijaza ziwa siku hizi. Nyama yake tamu, lakini miiba yake ni mingi, midogo, iliyogawanyika mwishoni, na mla kapu hawezi kuzungumza. Anakula kimya kama anayetoa uzi kwenye sindano. Siku ya kuagana hiyo ni hasara.

Pigeni simu mkiwa bado langoni, mkitoa vumbi viatuni, muagize samaki aanze kupikwa. Nilishawapeleka wageni sehemu moja bila kupiga simu, samaki alikuja baada ya saa mbili, na mmoja wao alikuwa na basi la saa kumi na moja. Walikula wamesimama. Sitaisahau aibu ile.

Kaeni mbali na maji, hasa jua likianza kushuka, kwa sababu viboko hutoka kula majani. Ziwa lenyewe limepanda miaka ya karibuni, na sehemu ambazo mtu alikula miaka kumi iliyopita huenda leo ni makao ya ndege mwari na kiboko. Uliza kwanza, usifuate ramani ya zamani. Anzeni safari ya kurudi saa kumi na moja kamili isipite, kwa sababu ule mteremko wa Mai Mahiu usiku ni malori na ukungu. Na asiendeshe aliyepanda mlima akashiba ugali kama mnaweza kumpata dereva mwingine. Usingizi wa barabara hiyo siutanii.

Kuhusu viatu, raba yenye meno chini inatosha, ilimradi si mpya. Kofia yenye ukingo, mafuta ya jua, sweta ya asubuhi, kanga moja ya kukalia na kujifutia. Fimbo mtanunua au kukodi kwa vijana walio karibu na lango. Chukueni mbili, wala msione haya, fimbo inaokoa goti wakati wa kushuka kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Na pilau ya mbuzi usiifute. Ipike Jumamosi ile ile uliyoipanga awali, usiku, nyumbani, mama na mashangazi wakiwa wamejaa sebuleni na mizigo imeshapimwa. Itoke jikoni ikiwa ya moto, ikaliwe kwenye sinia moja. Mtakuwa mmeshasemezana yenu huko Naivasha siku tatu au nne kabla, kwa hivyo hutahitaji kumvuta pembeni. Mpakulie tu. Ukoko unibakizie.